Kazi ya Watu Wawili: Habari za Cara Black wa Zimbabwe

Kuna kazi ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake hata akiwa na nguvu za simba. Watazameni wapasua mbao. Mmoja husimama juu ya gogo, mwenzake yuko chini shimoni, na msumeno ni mmoja. Wa juu akivuta, wa chini huachia. Wa chini akivuta, wa juu huachia. Wakivuta wote kwa pamoja msumeno hauendi. Tena wapo wapasua mbao wenye nguvu nyingi ambao hakuna mtu anayetaka kufanya nao kazi, kwa sababu humchosha mwenzao bure.

Leo, ndugu msomaji, tutasoma habari za mwanamke mmoja aliyeishi kwa kazi ya namna hiyo. Yeye hakupasua mbao. Alicheza tenisi, na hasa tenisi ya wawili wawili. Jina lake ni Cara Black, mzaliwa wa Zimbabwe. Kwa majuma 163 jina lake lilikuwa namba moja duniani katika orodha ya wanawake wanaocheza wawili wawili. Majuma 163 ni zaidi ya miaka mitatu. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe: mwaka una majuma 52.

Huenda mtu akauliza, "Je, kucheza nako ni kazi?" Ndiyo, kwa wengine ni kazi kamili. Mchezaji wa kulipwa huamka asubuhi kwenda mazoezini kama mkulima anavyokwenda shambani. Akishinda hupata fedha. Akishindwa mapema hupata kidogo sana. Mvua ikikataa, mkulima hana mavuno. Goti likikataa, mchezaji hana mavuno.

TENISI HUCHEZWAJE?

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, la sivyo habari hizi zitatupita.

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23 na sentimita 77. Katikati umewekwa wavu. Wavu huo si mrefu: pale katikati una sentimita 91 tu, yaani humfika mtu mzima kiunoni. Mchezaji hushika raketi. Raketi ni kama fremu yenye mpini, na ndani yake zimefumwa nyuzi ngumu, mfano wa kitanda cha kamba. Mpira ni mdogo, huenea kiganjani, na umevikwa kitambaa chenye manyoya.

Mchezaji mmoja huanzisha mpira kwa kuurusha juu na kuupiga uvuke wavu. Wa upande wa pili lazima aurudishe kabla haujadunda chini mara mbili. Ule mpira wa kuanzisha ni lazima udunde kwanza, lakini baada ya hapo mchezaji anaruhusiwa pia kuupiga ukiwa bado hewani, kabla haujadunda hata mara moja. Ukigonga wavu na kubaki upande wako, umepoteza. Ukianguka nje ya mistari, umepoteza.

Kuhesabu kwake ni kwa ajabu kidogo. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40. Msiulize kwa nini si 45. Wazungu wenyewe hawaelewani juu ya jambo hilo. Pointi ya nne ndiyo humpa mtu ushindi wa fungu moja, linaloitwa gemu. Lakini kama wote wamefika 40, kwa desturi ya zamani ni lazima mmoja ashinde pointi mbili mfululizo. Anayetangulia kufikisha gemu sita, na kumzidi mwenzake kwa mbili, ameshinda seti. Kwa wanawake, mwenye kushinda seti mbili ndiye mshindi wa mchezo wote.

Sasa, tenisi ya wawili wawili. Uwanja ni uleule kwa urefu, lakini upana huongezwa. Mmoja kwa mmoja huchezea upana wa mita 8 na sentimita 23. Wawili wawili huchezea mita 10 na sentimita 97. Ukitoa, utaona nyongeza ni mita 2 na sentimita 74, yaani mita 1 na sentimita 37 kila upande. Hebu fikiri: watu wameongezeka mara mbili, lakini uwanja umeongezeka kidogo tu. Kwa hiyo nafasi ya kupitisha mpira ni finyu. Nguvu peke yake hazitoshi. Yanatakiwa macho mepesi, mikono mepesi, na kumjua mwenzako atasimama wapi.

Mara nyingi mmoja wa upande unaoanzisha husimama nyuma kuupiga mpira, na mwenzake husimama karibu kabisa na wavu. Yule wa mbele huweka mkono mgongoni na kumwonyesha mwenzake ishara kwa vidole. Pengine vidole viwili maana yake: mpira ukirudi, nitakimbilia kushoto, wewe funika kulia. Wapinzani hawaoni ishara hiyo. Yote haya hufanyika kwa muda wa kupepesa macho mara chache. Aliye mbele akikimbia bila kusema, nyuma yake huwa wazi kama ghala lisilo mlango.

Lakini shida kubwa ni mpira wa katikati, yaani unaopita baina ya wawili hao. Kila mmoja hudhani ni wa mwenzake. Wote husimama, mpira hupita, na kisha hutazamana. Au wote huukimbilia, na raketi hugongana. Wachezaji hodari hulimaliza jambo hili kabla ya mchezo kuanza. Huambiana waziwazi: ukija katikati, ni wako, au ni wangu. Na uwanjani hupiga kelele, "Wangu!" Mambo ya adabu za kungojeana hayana nafasi hapo.

SHAMBA LA MAPARACHICHI

Cara Black alizaliwa tarehe 17 Februari, 1979, katika mji wa Salisbury, ambao tangu mwaka 1982 unaitwa Harare. Nchi yenyewe wakati ule iliitwa Rhodesia, ikiwa katika vita vya kupigania uhuru. Uhuru ulipatikana Aprili 1980. Cara alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili.

Baba yake, Don Black, alikuwa mchezaji wa tenisi. Katika miaka ya 1950 alikwenda Uingereza kucheza katika mashindano makubwa ya Wimbledon. Baadaye akawa na shamba la maparachichi nje ya mji, na humo shambani akatengeneza viwanja vya tenisi vya nyasi. Hapo akawafundisha watoto wake watatu: Byron, aliyezaliwa mwaka 1969, Wayne, aliyezaliwa mwaka 1973, na Cara, kitinda mimba.

Tuseme kweli hapa. Shamba lenye viwanja vyake vya tenisi halikuwa jambo la kila mtu katika nchi ile. Familia ya Black ilikuwa ya Wazungu, na chini ya serikali ya walowezi ardhi nzuri na nafasi nyingi zilikuwa mikononi mwa wachache. Watoto wengi wa Kiafrika wa umri wa Cara hawakupata hata kuishika raketi. Jambo hilo halipunguzi jasho lake. Lakini anayesoma habari za mtu hodari ni vizuri ajue alianzia wapi.

Kwa nini nyasi? Kwa sababu Wimbledon huchezwa juu ya nyasi. Juu ya nyasi mpira hauinuki sana. Huteleza chini na kwenda kasi. Anayengoja nyuma huchelewa. Kwa hiyo mchezaji wa nyasi hujifunza kusogea mbele na kuupiga mpira hewani. Na kazi hiyo ya kusogea mbele ndiyo hasa kazi ya tenisi ya wawili wawili. Mzee Black alikuwa akiwaandaa wanawe kwa Wimbledon, na hapohapo, kwa kutaka au kwa kutotaka, akawapa ufundi wa kucheza na mwenzi.

Kaka zake walitangulia. Byron alishinda mashindano ya Ufaransa ya wanaume wawili wawili mwaka 1994, akicheza na Mmarekani Jonathan Stark, na mwaka huohuo akafika namba moja duniani katika orodha ya wawili wawili. Wayne alishinda mashindano ya Marekani mwaka 2001 na ya Australia mwaka 2005, mara zote akiwa na Mzimbabwe mwenzake Kevin Ullyett. Na mwaka 1998, katika mashindano ya mataifa yaitwayo Kombe la Davis, Zimbabwe ndogo iliifunga Australia 3 kwa 2, tena hukohuko Australia, katika mji wa Mildura. Byron na Wayne walikuwa katika timu hiyo. Australia ilikwisha kulitwaa kombe hilo mara nyingi, kwa hiyo watu walishangaa sana.

NAMBA 31

Cara naye aling'ara tangu ujana. Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda Wimbledon ya wasichana, na mwaka huohuo akashinda pia mashindano ya Marekani ya wasichana. Haya yalikuwa ya mmoja kwa mmoja. Alikuwa wa kwanza duniani kati ya vijana. Mwaka uliofuata akaanza kucheza kwa kulipwa.

Watu walitazamia angekuwa bingwa wa kucheza peke yake. Haikuwa hivyo. Mwezi Machi 1999 alifika namba 31 duniani, na hakupanda tena zaidi ya hapo. Katika mashindano ya wanawake ya daraja la juu alishinda moja tu akicheza peke yake, huko Waikoloa, Hawaii, mwaka 2002.

Sababu mojawapo iko wazi. Cara si mrefu, ni kama futi tano na nusu. Wakati ule walikuwa wakija wachezaji warefu wenye kupiga kwa nguvu nyingi, kama Venus na Serena Williams wa Marekani. Mpira wa kuanzisha ukipigwa na mtu mrefu hushuka kutoka juu kama nyundo. Mtu mfupi hana nyundo hiyo.

Namba 31 duniani si jambo dogo. Lakini mtu aliyekuwa wa kwanza kati ya vijana huiona ni ndogo. Wengi wanaofika hapo huendelea kuugonga ukuta uleule mpaka miguu inakwisha. Cara hakuacha mara moja kucheza peke yake, ila nguvu zake kubwa akazipeleka kule ambako ufupi haukuwa kikwazo: kwenye wawili wawili, karibu na wavu, penye macho na mikono mepesi. Mwaka 2000 alifika fainali ya mashindano ya Marekani akiwa na Elena Likhovtseva wa Urusi. Walishindwa, lakini njia ilikwisha kuonekana.

Hapa inafaa tueleze neno moja. Kila mwaka kuna mashindano makubwa manne ambayo kila mchezaji huyatamani. La kwanza ni la Australia, mwezi Januari. La pili ni la Ufaransa, mjini Paris, ambalo huchezwa juu ya udongo mwekundu wa matofali yaliyosagwa. La tatu ni Wimbledon, London, juu ya nyasi. La nne ni la Marekani, mjini New York, juu ya sakafu ngumu. Tutayaita Makubwa Manne. Katika kila moja kuna vikombe vya mmoja mmoja, vya wawili wawili, na vya mchanganyiko, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja.

DADA NA KAKA

Kikombe chake cha kwanza katika Makubwa Manne Cara alikipata Paris mwaka 2002, katika mchanganyiko. Mwenzake alikuwa nani? Kaka yake Wayne.

Miaka miwili baadaye, 2004, dada na kaka hao walishinda mchanganyiko wa Wimbledon. Kabla yao, dada na kaka waliokuwa wamewahi kushinda pamoja kikombe hicho ni Tracy na John Austin wa Marekani, mwaka 1980. Na katika Wimbledon hiyohiyo ya 2004 Cara alishinda pia kikombe cha wanawake wawili wawili, akiwa na Rennae Stubbs wa Australia. Vikombe viwili kwa juma mbili, juu ya nyasi. Yale maparachichi ya Harare yalikuwa mbali, lakini nyasi zilikuwa zilezile.

Mtu anaweza kudhani kucheza na ndugu yako wa tumbo moja ni rahisi. Si lazima. Ndugu humsema ndugu yake kwa ukali ambao hawezi kumsema nao mgeni. Lakini ndugu waliofundishwa na baba mmoja katika uwanja mmoja wana faida hii: hawahitaji kuulizana mwenzake atakwenda wapi.

MWENZI HUPATIKANAJE?

Katika tenisi ya wawili wawili hakuna bwana mkubwa wa kuwapanga wachezaji. Kila mmoja hujitafutia mwenzi. Humpigia simu, au humfuata mazoezini na kumwuliza, "Mwaka huu unacheza na nani?" Mara nyingi hakuna karatasi ya mapatano yenye kutiwa sahihi. Ni neno la mdomo tu. Na kama walivyoungana kwa neno, ndivyo wanavyoweza kuachana kwa neno.

Tena kuna jambo la kushangaza. Pointi za kupanga orodha ya dunia hupewa kila mtu kwa jina lake, hata kama mlizipata pamoja. Pointi hizo hudumu kwa majuma 52, kisha hufutwa. Kwa hiyo kila mchezaji hubeba hesabu yake mwenyewe mfukoni. Mwenzi wako akiumia miezi sita, hesabu yako inapungua kila juma wewe ukiwa mzima. Utamngoja? Au utatafuta mwingine? Hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika kazi hii, na kila mwaka kuna watu wanaoulizwa.

Angalieni jinsi mambo yalivyokwenda. Katika fainali ya Wimbledon ya 2004, Cara na Stubbs walimfunga Liezel Huber aliyekuwa akicheza na Ai Sugiyama wa Japani. Huber ni mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, ambaye baadaye, mwaka 2007, alipata uraia wa Marekani. Mwaka uliofuata, 2005, Cara akaungana na huyohuyo Huber aliyemfunga, wakashinda Wimbledon pamoja. Mwezi Oktoba mwaka huo Cara akawa namba moja duniani kwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 akacheza tena na Stubbs. Mwaka 2007 akarudi kwa Huber.

Msomaji atasema, "Mbona hawa wanabadilishana kama nguo?" Lakini si ugomvi. Ni kazi. Mpinzani wa leo anaweza kuwa mwenzi wa mwakani, kwa hiyo hakuna anayeweza kumtukana mpinzani wake kirahisi. Anayemlaumu mwenzi wake mbele ya watu kila anapokosea, habari zake husambaa, na simu yake hailii.

Safari hii Cara na Huber walishikamana kweli. Mwaka 2007 walishinda Australia na Wimbledon. Mwaka 2008 walishinda mashindano 10, likiwemo Kubwa la Marekani. Miaka hiyo yote miwili walishinda pia mashindano ya kufunga mwaka, ambayo huita jozi bora tu: kwanza Madrid, kisha Doha. Na huko Doha, mmoja wa waliofungwa katika fainali alikuwa Rennae Stubbs, mwenzi wa zamani.

Sasa sikilizeni hii. Katika mashindano ya Marekani ya 2008 Cara aliingia pia kwenye mchanganyiko, pamoja na Leander Paes wa India. Wakafika fainali. Upande wa pili wa wavu alisimama nani? Liezel Huber mwenyewe, akiwa na Jamie Murray wa Uingereza. Yaani mtu anayejua ishara zako zote za vidole, anayejua ukichoka unapiga mpira upande gani. Na wewe unajua yake. Cara na Paes walishinda. Na katika mashindano hayohayo Cara na Huber wakasimama tena upande mmoja wa wavu, wakachukua kikombe cha wanawake. Mimi naona hapo ndipo penye kipimo cha mwenzi. Kumfunga mwenzako, kisha kesho mkashirikiana bila kinyongo, si kazi ya kila mtu.

MALIPO

Tuzungumze fedha, maana kazi ni malipo.

Wanaocheza wawili wawili hulipwa kidogo kuliko wanaocheza peke yao. Tuchukue Wimbledon ya mwaka 2023. Bingwa wa kucheza peke yake, mwanamume au mwanamke, alipewa pauni 2,350,000 za Kiingereza. Washindi wa wawili wawili walipewa pauni 600,000. Lakini hizo ni za watu wawili! Gawanya kwa mbili: kila mmoja 300,000. Sasa gawanya 2,350,000 kwa 300,000. Utaona bingwa wa peke yake alipata karibu mara nane.

Pauni 300,000 ni mali nyingi, hakuna atakayekataa. Lakini hao ni mabingwa. Jozi inayotolewa raundi ya kwanza katika mji mdogo hupata fedha chache, na kutoka humo hulipa nauli ya ndege, chumba na chakula. Mwenye kocha humlipa pia. Hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Na ule mchanganyiko, pamoja na vikombe vyake vyote, haumpi mtu pointi hata moja ya orodha ya dunia. Watu huucheza kwa fedha kidogo, kwa heshima, na kwa kuupenda.

Kuna hatari nyingine tena. Watazamaji wengi hununua tiketi ili waone mabingwa wa peke yao. Kwa hiyo wenye mashindano hutaka mchezo wa wawili wawili usichukue muda. Katika miaka ya 2000 mashindano mengi yalipunguza urefu wake. Wakifika 40 wote, pointi moja tu huamua gemu. Wakishinda seti moja moja, seti ya tatu haichezwi. Huchezwa fungu fupi la kufikia pointi 10. Katika mchezo mfupi bahati huwa na sauti kubwa. Walio bora wanaweza kufungwa kwa mipira miwili iliyogusa mstari.

AKINA WILLIAMS

Hodari wa wawili wawili daima huulizwa swali moja lenye kuudhi: "Je, mabingwa wa peke yao wakija kucheza wawili wawili, ninyi mtaweza?"

Cara na Huber walilijibu swali hilo uwanjani, na jibu halikuwa zuri kwao. Mwaka 2009, katika fainali ya Marekani, walikutana na ndugu wawili, Venus na Serena Williams. Walifungwa 6-2, 6-2. Januari 2010, katika fainali ya Australia, wakakutana nao tena. Wakafungwa 6-4, 6-3.

Je, hii maana yake ufundi wa wawili wawili ni bure? Sidhani. Akina Williams hawakuwa watu wawili waliookotana njiani. Walilelewa pamoja na kucheza pamoja tangu utotoni, kama Cara na Wayne. Walikuwa na nguvu za peke yao na uelewano wa ndugu. Mtu akifungwa na watu wa namna hiyo, hajafungwa na nguvu tu.

Mwaka huohuo wa 2010 Cara na Huber wakaachana. Walikuwa wamekaa kileleni kwa muda mrefu, na watu wengi walisikitika. Cara alikuwa na miaka 31, umri ambao wachezaji wengi wa zamani walikwisha kuacha. Mwenzi hana, na pointi za 52 zinaendelea kufutwa.

Alichobaki nacho ni Leander Paes. Januari walikuwa wameshinda mchanganyiko wa Australia. Julai wakashinda na wa Wimbledon, Paes akiwa na miaka 37. Kwa hiyo katika mchanganyiko Cara alikuwa na vikombe vya Makubwa Manne yote: Ufaransa, Wimbledon, Marekani na Australia. Jumla ya vikombe vyake katika Makubwa Manne ni 10: vitano vya wanawake, vitano vya mchanganyiko. Kimoja tu hakukipata, cha wanawake wawili wawili huko Paris. Aliikaribia mwaka 2005, akafika fainali na Huber, wakafungwa na Virginia Ruano Pascual wa Hispania na Paola Suárez wa Argentina. Juu ya udongo ule wa matofali mpira hupunguza mwendo na kuinuka juu, na anayengoja nyuma hupata nafasi ya kujipanga.

MAMA ARUDI UWANJANI

Mwaka 2012 Cara alijifungua mtoto wa kiume. Kwa mchezaji, miezi ya mimba na ya kulea ni miezi ya kufutiwa pointi. Alirudi akiwa na umri wa miaka 33, mtoto mgongoni kama tusemavyo, na ikambidi atafute mwenzi upya kama mtu anayeanza.

Mwaka 2013 aliungana na Sania Mirza wa India. Mirza alikuwa mdogo wake kwa miaka saba hivi, mwenye pigo kali la mkono wa kulia. Yeye apige kutoka nyuma, Cara amalizie mbele kwenye wavu. Walishinda Tokyo na Beijing mwaka huo.

Oktoba 2014 walikwenda Singapore kwenye mashindano ya kufunga mwaka. Walikwisha kukubaliana kwamba hayo yangekuwa ya mwisho kwao kucheza pamoja, kwa kuwa Cara alitaka kutazama mambo ya familia. Fainali ilikuwa dhidi ya Hsieh Su-wei wa Taiwan na Peng Shuai wa China, waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia. Watu walingoja mchezo mgumu. Matokeo: 6-1, 6-0. Yaani mabingwa wale walipata gemu moja tu.

Mwaka uliofuata, 2015, Cara aliweka raketi chini. Alikuwa ameshinda mashindano 60 ya wanawake wawili wawili ya daraja la juu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Cara alikuwa namba moja kwa majuma 163. Hiyo ni miaka mingapi, na majuma mangapi yanabaki?

Katika uwanja wa mmoja mmoja, upana ni mita 8 na sentimita 23. Pimeni upana huo kwa kamba nje ya darasa, kisha ongezeni mita 1 na sentimita 37 kila upande. Watu wanne wasimame ndani, wawili kila upande. Mtu mmoja arushe mpira wa matambara katikati ya wawili. Ni nani aliyeudaka, na waliambiana nini kabla?

Mwenzi wako wa kazi ameumia na hatafanya kazi kwa miezi sita. Wewe una watoto wa kulisha. Utamngoja, au utatafuta mwingine? Utamwambiaje?